Chupa ya Mawe ya Baba

Barua hii imetoka kwa msomaji wa mkoa wa Tanga. Tumebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 41 na watoto wawili. Nafanya kazi kwenye kituo cha afya kisicho mbali na kijiji nilichozaliwa, chini ya milima ya Usambara. Baba yangu ni mganga wa miti shamba. Nasisitiza miti shamba kwa sababu watu wakisikia mganga wanawaza tunguri na ramli. Baba hapigi ramli, na akiletewa mwenye mapepo humwelekeza kwa wengine. Ana dawa tatu nne tu, na iliyompa jina ni dawa ya mawe ya figo. Aliachiwa na mama yake, naye aliachiwa na mama yake. Ni mizizi ya mti mmoja na majani ya mwingine, inachemshwa, inanywewa kutwa mara tatu kwa siku 21. Ina miiko yake: chumvi marufuku, ng'onda (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) marufuku, pombe marufuku, na tangu asubuhi hadi jua linazama lazima umalize maji ya kibuyu kizima.

Chumbani kwake, juu ya kabati, kuna chupa ya asali yenye mawe. Mgonjwa akikojoa jiwe humletea, analiosha, analitia humo. Mengine ni kama ufuta, mengine kama punje za mchele, na moja ni kubwa kama harage na lina miiba. Utotoni tulikuwa tunaitikisa chupa ile kama kayamba mpaka tuchapwe. Shangazi, ada yangu ya chuo cha uuguzi ilitoka kwenye chupa ile. Si kwamba baba ana bei kubwa, maana hadi leo kifungua mkoba chake ni shilingi elfu mbili. Ila anayepona hurudi na alichonacho, awe na kuku, mkungu wa ndizi au mbuzi.

Mwaka 2019 nilishikwa mimi mwenyewe usiku, ubavu wa kushoto. Nimezaa mara mbili na nakwambia uchungu wa kuzaa una mwenzake. Ultrasaundi ilionyesha jiwe la milimita 4. Nikanywa dawa ya baba, siku ya tisa likatoka. Nikampelekea, akalitia chupani pamoja na ya wenzangu. Sasa mtu kama mimi nitaanzia wapi kuitilia shaka?

Mwezi wa tatu mwaka huu alikuja kijana anayesomea shahada ya uzamivu chuo kikuu kimoja, akiwa na mratibu wa tiba asili wa wilaya. Kijana ana adabu, alikaa mkekani, akala bada na kisamvu bila kujivuta. Anataka kuipima dawa ya baba, kwanza kwenye vioo vya maabara, kisha kwa panya, na ikionekana salama, kwa watu. Anaomba kilo tano za mizizi na fomu itiwe saini. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi siogopi kuulizwa. Naogopa kuulizwa na mtu asiyengoja jibu." Kisha akanigeukia mimi, kwamba niliyesoma ya hospitali ndiye niamue.

Kaka yangu mkubwa yuko Dar, hataki hata kusikia. Anasema wataichukua, waandike majina yao, sisi tuje kuinunua. Yeye anataka tuifungashe wenyewe, na lebo keshatengeneza: "Huyeyusha mawe kwa siku 7." Baba mwenyewe anasema 21! Mdogo wangu anasema bibi alikataza mti kutajwa kwa mgeni, na dawa ikishapimwapimwa inakufa.

Shangazi, kuna jambo sijamwambia mtu. Mwaka jana jirani yetu, mama anayeuza chapati stendi, alikunywa dawa ya baba wiki tatu. Jiwe halikutoka, lakini maumivu yalipoa, akashukuru, akaleta kuku. Kama mwezi baadaye akaletwa kituoni anatetemeka, joto 39.6, maneno hayashikani. Nilikuwa zamu. Tulimpa rufaa. Huko wakakuta jiwe limeziba mrija wa mkojo, figo imevimba na ina usaha, wakamtoboa ubavuni na kupitisha mrija mwingine wa kuutoa. Alipona, ila wameambiwa figo ile imebaki na nguvu kidogo. Kwenye fomu ya rufaa kuna mahali pa kuandika dawa alizotumia mgonjwa. Nilijua. Niliandika "Hakuna".

Kila asubuhi nikipita stendi ananifungia chapati mbili na hataki pesa. Baba hajui kwamba aliumwa tena. Kuku tulishamla.

Kijana amepiga simu mara mbili. Nikikubali naona nimeuza siri ya bibi. Nikikataa naona nimemficha yule mama mara ya pili. Na ikipimwa ikaonekana ni maji matupu, mzee wa miaka 78 nitamwambia nini?

Binti wa Mganga

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani unauliza habari za chuo kikuu. Mara ya pili nikaona nusu ya barua imeandikwa kwa ajili ya mama wa chapati, na kijana wa uzamivu amebisha tu hodi wakati wewe tayari huna usingizi. Kwa hiyo nitayajibu yote, ila huyo mama sitamwacha mwisho wa foleni kama tunavyowafanya huko kwenye vituo.

Tuanze na chupa, kwa sababu ndiyo shahidi wako mkubwa. Nilimpigia rafiki yangu, daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, nikamsimulia bila kutaja mahali. Kwanza alicheka kwa furaha, akasema angetamani kuiona. Kisha akaniuliza jiwe lako lilikuwa na ukubwa gani. Nilipomwambia milimita 4 akanyamaza kidogo. Mawe yasiyozidi milimita 5, mwanangu, takriban mawili katika kila matatu hutoka yenyewe kwa mkojo ndani ya wiki chache, umekunywa dawa au hukunywa. Yakifika kati ya 5 na 10, karibu nusu bado hutoka. Siku 21 ni muda mzuri sana wa kungoja jiwe ambalo lilikuwa njiani.

Sisemi dawa ya baba yako haikukusaidia. Nasema chupa haiwezi kukujibu hilo, kwa sababu haina mahali pa kuweka jiwe ambalo halikutoka. Aliyetoa jiwe hurudi na kuku. Aliyeshindwa huona aibu kurudi kwa mzee, hupanda basi kwenda hospitali, na chupani haonekani. Na mama wa chapati alituonyesha jambo gumu zaidi: hata kuku si ushahidi. Maumivu ya jiwe hutulia likitoka, ndiyo, lakini pia hutulia likikaa mahali pamoja likaziba, figo ikazidiwa kimyakimya. Wewe ni muuguzi na hili unalijua. Ila nyumbani kwa baba hatuendi na vyeti vyetu, tunaviacha nje pamoja na viatu.

Sasa lile neno lako, "maji matupu". Hapo nakushika mkono kidogo. Umeyasema maji kama vile ni tusi. Mwaka 1996 madaktari wa Parma, Italia, walitoa matokeo ya watu 199 waliokuwa wametoa jiwe kwa mara ya kwanza. Nusu waliambiwa wanywe maji mengi, wafikishe lita mbili za mkojo kwa siku, na wengine wakaendelea walivyozoea. Baada ya miaka mitano, waliopata jiwe jingine miongoni mwa wanywa maji walikuwa asilimia 12, na upande wa pili asilimia 27. Watu haohao wa Parma walirudi mwaka 2002 na wanaume 120. Waliopunguza chumvi na nyama huku wakiendelea na maziwa kama kawaida walipata mawe mapya watu 12 kati ya 60. Wale walioambiwa waache maziwa kwa kuogopa kalsiamu, 23 kati ya 60. Isome tena miiko ya bibi yako: chumvi, ng'onda, kibuyu cha maji hadi jua linazama. Hakuwahi kufika Parma.

Kwa hiyo kipimo kizuri kinaweza kusema kwamba mizizi haifanyi lolote na miiko ndiyo inayofanya kazi yote. Kinaweza kusema majani yanasaidia kidogo, kwa aina moja ya mawe na si nyingine, kwa sababu mawe hayafanani. Mengi ni ya kalsiamu iliyoungana na okzaleti, kitu kilichomo kwenye mimea mingi, mengine ya asidi ya yuriki, mengine huzaliwa na maambukizi. Lile lenye miiba kama harage ningependa kujua ni la kabila gani. Na kinaweza kusema dawa inaumiza. Hayo ni majibu tofauti sana, na wewe ulikuwa umejiandaa kwa mawili tu, sifa au fedheha.

Wengine wamepita njia hii kabla yenu. Brazil kuna kijimmea cha mitaani ambacho jina lake la Kireno maana yake ni mvunja-jiwe. Wabrazil walikipeleka maabara, wakaona kinazuia punje za okzaleti zisigandamane na kukua. Wakaja kwa wagonjwa 69 kwa miezi mitatu: kwa jumla hakikubadilisha mengi, ila kwa wale ambao mkojo wao ulikuwa na kalsiamu nyingi kupita kiasi, kalsiamu ilishuka. Waitalia wakakijaribu kwa watu 150 waliovunjwa mawe kwa mawimbi ya mashine. Tofauti ya jumla ilikuwa ndogo, lakini waliokuwa na mawe pande za chini za figo walisafika vizuri zaidi. Iran waliijaribu habasoda, hii tunayoinunua sokoni Tanga, kwa wagonjwa 60, na ilionekana kuishinda tembe isiyo na dawa. Watu 60 ni wachache mno kujengea nyumba, lakini ni msingi. Limau nalo lilipimwa Italia kwa watu 203 kwa miaka miwili, kikombe kidogo mara mbili kwa siku. Waliokunywa walipata mawe machache zaidi, ila si kwa tofauti ya kutosha kuapa, na wengi lilichosha matumbo yao wakaacha. Unaona majibu yanavyokuja? Nusunusu, yenye "ila" nyingi. Mtu anayengoja ushindi au aibu atavunjika moyo.

Upande wa kuumiza usiupite haraka. Kule Kerala, India, watu kumi walilazwa figo zikiwa zimegoma baada ya kunywa maji ya birimbi yaliyokamuliwa mengi kwa mpigo, wakitafuta kushusha lehemu. Saba walihitaji mashine ya kusafisha damu kabla figo kurudi. Birimbi! Tunda la achari ya bibi zetu pwani yote. Kwenye achari haliumizi mtu, likinywewa bilauri kwa bilauri lina okzaleti ya kutosha kuziba figo nzima. Na Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wapatao mia waliharibikiwa figo kwa vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene, kwa sababu mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa na mwingine unaofanana nao jina. Baba yako mti wake anaujua kwa harufu. Je, kijana atakayetumwa na kaka yako kuchimba gunia zima ataujua?

Kaka yako simlaumu kwa woga wake. Mtu wa Tanga ana haki ya kuogopa. Ua dogo la zambarau la milima hiyohiyo ya kwenu lilipelekwa Ujerumani na afisa wa kikoloni miaka ya 1890. Leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima kwa jina lililotokana na lake yeye, na Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara bila Usambara kupata senti. Manjano, kitu kilichopo kila jikoni, mwaka 1995 yalipewa hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, Marekani kama dawa ya vidonda, mpaka Wahindi wakapinga kwa maandiko yao ya kale na hataza ikafutwa mwaka 1997. Hapo kuna somo linalompinga kaka yako kwa upole: kilichowaokoa Wahindi ni kwamba jambo lao lilikuwa limeandikwa. Siri isiyoandikwa popote, akiiba mtu, utaidai kwa karatasi gani?

Lakini nami sikwambii makubaliano ni kinga ya kila kitu. Wasan wa kusini mwa Afrika walikuwa na mmea wa kuzuia njaa. Taasisi ya serikali ya Afrika Kusini iliuwekea hataza bila kuwauliza, kelele zikapigwa, mwaka 2003 wakatia saini kugawana faida. Halafu kampuni kubwa iliyotaka kuutengeneza ikajitoa mwaka 2008 na fedha zilizotarajiwa hazikuja. Yaani unaweza kuandika mkataba mzuri wa kugawana kitu ambacho hakitakuwepo.

Kama mtaelekea kwa kijana, mimi ningekaa na ile fomu jioni moja na taa nzuri. Nitafute jina la baba kama mwenye maarifa, si "mtoa taarifa". Nitafute imeandikwa nini matokeo yakiwa mabaya na yakiwa mazuri, nani atayasoma kwanza, mti utatajwa lini kwa jina lake, na faida ikija inagawanywaje. Nimuulize kibali cha kamati ya maadili kiko wapi, maana utafiti kwa binadamu hapa kwetu hauendi bila hicho. Pia nimuulize swali la kijijini kabisa: kilo tano za mizizi zitatoka kwenye miti mingapi, na ni mingapi itabaki hai? Si ajabu bibi alikataza mti usitajwe kwa sababu hiyohiyo, kwamba mgeni huchimba akaondoka. Muulize mdogo wako kama aliwahi kusikia sababu. Mwiko ukiujua sababu yake unaweza kuulinda hata kwa mkataba. Nchi yetu ina taasisi ya tiba asili pale Muhimbili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 pamoja na baraza lake. Kwa hiyo kuna milango ya kuulizia kama karatasi ya kijana haieleweki.

Mjue pia mnachongojea. Panya wa maabara hawaugui mawe kama sisi. Huwekewa kwenye maji yao ya kunywa kemikali ileile inayotiwa kwenye maji ya rejeta za magari, kwa siku 28 hivi, mpaka okzaleti ijae figoni. Kisha nusu hupewa dawa na nusu hawapewi. Miti shamba mingi ya mawe imefanya vizuri kwa panya, kijana akapata shahada yake, na hadithi ikaishia hapo. Baba ana miaka 78. Maneno yake ya mtu asiyengoja jibu nadhani yalikuwa na maana hiyo. Mzee huyu ana akili kuliko tunavyompa.

Ile njia ya kaka, ya chupa na lebo, ina mvuto wake nami sitajifanya siuoni. Fedha ingekuwa ya familia. Lakini mwanangu, dawa ya baba yako haiko kwenye mizizi peke yake. Iko kwenye macho yake. Mgonjwa anaketi mbele yake, anamwangalia, anamwekea miiko, anamwita arudi. Ikipanda basi kwenda Mwanza na lebo ya siku saba, huko hakuna atakayeona mtu anatetemeka. Na hata nyumbani, mbele ya macho hayo, mmoja alipita.

Njia nyingine nakutajia kwa sababu hukuitaja: daftari. Wewe na baba, kabla ya chuo chochote. Kila anayekuja, aje na kipimo cha ultrasaundi. Andikeni jiwe lina milimita ngapi, liko upande gani, anatumia dawa gani nyingine, na figo zinafanyaje kazi kwa kipimo cha kreatinini. Baada ya siku 21 arudi apimwe tena, aliyetoa jiwe na asiyetoa, wote. Mwenye homa, mwenye figo moja, mjamzito, anayekojoa kwa shida, asipewe dawa kabisa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hilo la mwisho kwa kweli haliwezi kungoja daftari. Lina hatari zake: wapo watakaosema muuguzi anampelekea baba yake wateja, na wakisema hawatakuwa wamekosea sana, kwa hiyo mganga mfawidhi wako angepaswa kujua mapema. (Nacheka kidogo kila nikiandika "mganga mfawidhi". Lugha yetu iliwapa watu hao wawili cheo kimoja, sisi ndio tuliowatenganisha.) Na daftari lenu halitakuwa utafiti, halitathibitisha kitu mbele ya wataalamu. Lakini lingekuwa na ukurasa wa mawe ambayo hayakutoka.

Sasa mama wa chapati. Rafiki yangu daktari aliniambia kwamba usaha ule ungetolewa vilevile, umeandika au hukuandika. Nakupa hilo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linakumaliza. Waliomtibu walikuwa wanasoma vipimo vya figo ambayo ilikuwa imepewa kitu ambacho hawakukijua. Wewe ungekasirika mwenzako akikufanyia hivyo. Na ulipoandika "Hakuna" ulikuwa mtoto wa nani pale, na muuguzi wa nani? Nadhani mkono uliandika kabla wewe hujachagua. Nimewahi kufanya jambo kama hilo kwa ajili ya mama yangu, la aina nyingine, na najua linavyokaa kooni.

Lakini kuna lililo karibu zaidi ya majuto yako. Aliyewahi kupata jiwe mara nyingi hupata jingine. Huyo mama, maumivu yakimrudia, ataenda wapi kwanza? Akilini mwake dawa ya baba ilimponya, na ile homa ilikuwa balaa lingine. Ana figo moja yenye nguvu na nyingine dhaifu. Anahitaji kujua hivyo kutoka kwa mtu, na sijui kama hospitali walimweleza kwa lugha ya stendi. Unaweza kumwambia habari ya jiwe na hatari yake bila kugusa fomu. Unaweza kumwambia na ya fomu pia. La pili linaweza kukugharimu chapati, au jina la baba kijijini, au barua kutoka kazini, na linaweza pia lisikugharimu chochote ila machozi yake. Sijui moyo wake, wewe unapita mbele yake kila siku.

Na baba? Umemkinga na habari hii mwaka mzima kana kwamba ni yai. Nauliza tu: mzee aliyesema haogopi kuulizwa, je, amewahi kuulizwa? Umri wake wote ameletewa mawe yaliyotoka. Hajawahi kupewa habari ya lile lililobaki, na aliyekuwa nayo ni binti yake. Labda itamuumiza. Labda atakwambia majina mengine matatu ambayo naye amekuwa akiyabeba, maana waganga nao hawalali usiku. Labda atakwambia mpigie kijana, au achana naye. Uamuzi aliokupa wewe huenda aliutoa bila kujua unachokijua.

Kama ingekuwa mimi, ningependa mazungumzo hayo yatangulie simu ya kijana. Anaweza kungoja wiki mbili, na asipoweza, hilo nalo ni jibu la swali la baba.

Wewe mwenyewe kunywa maji, zamu za usiku zisikusahaulishe. Ukishazungumza na mzee niandikie, hata kama mmenuna. Na mfikishie shikamoo yangu.

Shangazi